Mazishi ya Majaribio ya Duki Tebaldo wa Tano

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Montebrolo, wa ndani ya kuta na wa nje ya kuta, wenye kofia na wasio na kofia, kwamba maisha na utawala wa Mtukufu Tebaldo wa Tano, Duki wa Montebrolo, Bwana wa Madaraja Mawili na Mlinzi wa Chumvi, vilifikia tamati siku ya Jumanne, juma la pili baada ya Pasaka, kwa mafanikio makubwa. Ibada ilianza kwa wakati. Jeneza lilitosha. Marehemu mwenyewe alihudhuria, na alisema ameridhika na kila kitu isipokuwa waimbaji.

Mimi nilikuwa Katibu wa Ofisi ya Utangulizi, ofisi iliyoamua nani amtangulie nani mlangoni, mezani, kanisani na, ikibidi, wakati wa kukimbia moto. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyepita mlango wowote wa kasri bila mimi kujua sababu. Nimepewa kazi ya kuandika habari hizi kwa kuwa nilikuwapo, na kwa kuwa wengine wawili walioombwa kabla yangu walishindwa kufika ukurasa wa pili bila kucheka. Sioni cha kuchekesha.

Duki alizaliwa kwa mujibu wa utaratibu. Walikuwapo wakunga watatu, mashahidi saba na mizinga kumi na miwili, na wa mwisho ulikataa kulia. Akabatizwa Tebaldo. Jina hilo lilitumika mara moja tu, pale kwenye maji, kisha likawekwa akiba. Tangu siku ile mama yake mzazi alimwita Mtukufu, yaya wake alimwita Mtukufu, na hata padri aliyemfundisha kusoma alipiga goti kabla ya kumsahihisha. Alipokuwa na umri wa miaka sita alitumbukia katika bwawa la samaki, na mtunza bustani akataja vyeo vyake vyote kwa mpangilio kabla ya kumtupia kamba. Ni bahati tu kwamba wakati ule alikuwa bado hajapewa daraja la pili.

Alitawala miaka thelathini na mmoja. Alipigana vita mara moja tu, Vita vya Daraja, dhidi ya jirani yetu Duki wa Valcupa. Majeshi yote mawili yalifika asubuhi, mvua ikanyesha, mto ukachukua daraja lililokuwa likigombewa, na kabla ya chakula cha mchana kila upande ulikuwa umetangaza ushindi. Tukabaki na daraja moja na cheo cha madaraja mawili. Cheo hakisombwi na maji.

Hakuoa. Wachumba watatu waliletwa, kutoka nyumba tatu zenye heshima, na mazungumzo yote matatu yalikwamia mlangoni, kwenye suala la nani aingie kwanza. Mmoja wao aliingia kupitia dirisha ili kuonyesha nia njema. Ofisi yangu ilimrudisha kwao, kwa sababu madirisha hayakuwa chini ya mamlaka yetu.

Alichokipenda ni amri. Alitoa amri mia nne na kumi na mbili, zote zikiwa na muhuri mwekundu. Ya thelathini na nane iliwataka watu wapige magoti gari lake linapopita, hata likiwa tupu. Ya thelathini na tisa iliongeza kwamba lipitapo kwa kurudi, vilevile. Ya mia moja na kumi na saba iliwakataza mabata bukini kuvuka uwanja mbele ya wajumbe wa nchi za nje. Watu walizichukua amri hizi kama wanavyochukua hali ya hewa. Ile iliyowauma ilikuwa ya mia mbili na tatu, iliyosema kwamba mkate wote wa Montebrolo uokwe katika tanuri la Duki. Tanuri la Duki lilikuwa moja, na wakazi walikuwa elfu sita. Matanuri ya mitaani yalipigwa lakiri, na mkate ukawa unamfikia mtu siku ya tatu, ukiwa na umbo la kigae na, kwa maoni ya wengi, ladha yake.

Mona Petronia, mwokaji wa mtaa wa Watengeneza Ngozi, alifika kwangu mara kumi na nne kuomba tanuri lake lifunguliwe. Kila mara nilimweleza kwamba mwokaji hawezi kumtangulia mshonaji katika orodha ya kuonana na Duki, na mshonaji alikuwa bado hajaja. Mara ya mwisho aliniuliza mshonaji huyo atakuja lini. Nikamwambia alifariki. Akasema, "Baba, wewe na huyo tajiri wako, siku moja mtashikwa na njaa kama watu," kisha akaondoka bila kunisubiri niamue atoke kwa mguu upi.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Duki wa Valcupa alipofariki. Mazishi yake yalikuwa makubwa. Walilia watu elfu tatu, farasi wake alikataa nyasi, na padri mkuu wa kanisa kuu alihubiri kwa saa mbili na nusu. Duki wetu alikuwapo, akayaona yote. Kesho yake aliniita na kuniuliza kama na yeye angepata elfu tatu. Nikamjibu kwamba jambo hilo lilikuwa nje ya uwezo wetu wa kulipima mapema.

"Kwa nini lisipimwe?" akasema. "Mnapima chumvi, mnapima nguo, mnashindwa kupima kilio?"

Hivyo ndivyo ilivyoundwa Kamati ya Machozi, na hivyo ndivyo yalivyopangwa Mazishi ya Majaribio. Kamati iliyagawa machozi katika madaraja matatu: chozi la kimya, chozi lenye sauti, na chozi la kuanguka chini. Mitaa ikapangiwa. Watengeneza ngozi walipewa la kimya, wakalalamika kwamba mtaa wa Wafua Vyuma umepewa la kuanguka kwa upendeleo. Vitunguu viligawiwa kimoja kwa waombolezaji watatu. Duki mwenyewe alijilaza ndani ya jeneza siku nne mfululizo ili alizoee, na akaagiza mto ubadilishwe.

Palikuwa na jambo moja tu la kuamua. Montebrolo ina sheria ya zamani kuliko maduki wote, nayo ni Sheria ya Mwito. Mtu anapofikishwa kanisani, mkuu wa nyumba yake husimama upande wa kichwa na kumwita mara tatu kwa jina la ubatizo, jina tupu, kwa kuwa mbele ya mauti hakuna cheo. Akijibu, mazishi huahirishwa. Asipojibu, ni maiti, na mwandishi wa hati wa mji huandika hivyo. Kama ni Duki, muhuri wake huvunjwa hapohapo kwa nyundo ya fedha, na amri zake zote huzikwa naye. Nilimuuliza Duki kwa maandishi kama sehemu hiyo ifanyike au irukwe.

"Yafanyike yote, bila kupunguza hata nukta," akajibu. "Nikiitwa nitaitika, mtaniinua, tutakwenda kula."

Jumanne ikafika. Sitaeleza maandamano, ingawa nafasi ya kila mshumaa niliipanga mimi. Inatosha kusema kwamba kanisa lilijaa, padri mkuu alihubiri saa tatu kamili, na Vita vya Daraja vilichukua saa nzima kati ya hizo. Machozi yalitoka kwa kiwango. Ndipo Kabaila Lattanzio, Mkuu wa Nyumba ya Duki, mzee wa miaka sabini na sita ambaye hajawahi kumgeuzia Duki mgongo hata wakati wa kupiga chafya, alisogea upande wa kichwa.

"Tebaldo," akasema.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye jeneza, nikamwona Duki vizuri. Hakufumbua macho. Pua zake zilitanuka.

"Tebaldo," akasema Lattanzio tena, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mimi nikakohoa. Kukohoa hakukuwa kwenye ratiba.

"Tebaldo."

Hakuitika. Lattanzio alinitazama, nami nikaitazama ratiba, na ratiba ilisema nyundo. Muhuri ulivunjika vipande vitatu. Viwili vilibaki juu ya mto mdogo uliowekewa muhuri, cha tatu kikabiringika chini ya mabenchi ya watengeneza ngozi. Ser Fulgenzio, mwandishi wa hati wa mji, mtu mwembamba ambaye hajawahi kufuta neno, alichovya kalamu na kuandika.

Duki akainuka, akakaa. Alisema mahubiri yalikuwa mazuri, waimbaji warudie, na sasa apewe mkono atoke.

"Polepole, marehemu," akasema Ser Fulgenzio.

Duki aliuliza ni nani anayeitwa hivyo.

"Wewe. Umeitwa mara tatu, hukuitika."

"Sikuitwa mimi. Aliitwa mtu fulani. Hivyo anaitwa muuza vitunguu. Mimi tangu nizaliwe hakuna aliyeniita hivyo, na siwezi kuanza kuitika leo mbele ya watengeneza ngozi."

"Sheria haiulizi kama ulipendezwa. Inauliza kama uliitika." Ser Fulgenzio alipuliza karatasi yake. "Lakini sina ubaya na mtu. Wino ni mbichi. Naweza kukuita tena sasa hivi, ukiitika nitaandika kwamba u hai."

"Niite basi."

"Tebaldo."

Duki alitazama dari ya kanisa. Ilichorwa vizuri sana, na aliitazama yote.

"Kwa cheo changu," akasema hatimaye.

"Cheo chako kiko chini ya benchi, marehemu. Kile kipande cha tatu hata hatujakiona."

Hapo ndipo Mona Petronia alipoinuka kwenye safu ya nyuma. Alikuwa na kitunguu cha watu watatu mkononi, hakukitumia. Akauliza kwa adabu zote kama ile amri ya matanuri nayo imezikwa. Ser Fulgenzio akamjibu kwamba imezikwa. Akauliza kama ni yote au nusu. Akaambiwa ni mia nne na kumi na mbili, zote, mama.

"Haya," akasema. "Poleni na msiba." Akatoka.

Kanisa zima likamfuata. Natoa taarifa kwa masikitiko kwamba walitoka kama maji, wafua vyuma mbele ya makabaila, wanawake mbele ya wafua vyuma, na bata bukini mmoja, ambaye sijui aliingiaje, mbele ya wote. Kabla ya adhuhuri lakiri zilikuwa zimebanduliwa mtaa mzima, na mabomba ya moshi kumi na manne yalikuwa yakifuka.

Kwa kuwa marehemu hakuacha mrithi, Baraza la Vyama vya Mafundi lilishika kiti mpaka mrithi apatikane. Lilikutana siku hiyohiyo na kuazimia kwamba mrithi atafutwe kwa uangalifu mkubwa, bila haraka, na kwamba atakayempata asisumbue watu wakati wa mavuno.

Duki alirudi kasrini kwa miguu. Mlinzi wa lango kuu, aliyempigia saluti kwa miaka kumi, alisimama katikati ya njia na kumweleza kwa huzuni ya kweli kwamba kupitia lango lile maiti hutoka, haingii. Ikabidi apitie mlango wa jikoni. Huko alikuta moto umezimwa na masufuria yamefunikwa vitambaa vyeusi. Alikuwa ameagiza mwenyewe, katika wosia wake, kwamba jiko la kasri lisiwashwe kwa siku arobaini kwa sababu ya majonzi. Akaamuru moto uwashwe. Mpishi alimkumbusha kwamba amri hufa na mtu, ila wosia ndio kwanza huanza kuishi. Kisha akajifunga mtandio, akaenda kwa dada yake.

Siku ya pili nilimtembelea. Nilimkuta katika kanisa dogo la kasri, amekaa kwenye ukingo wa jeneza, akila ganda la limau lililokaushwa kwa sukari, la mwisho katika kopo. Nilimpa pole kwa msiba. Aliipokea.

Aliniuliza watu wanasemaje. Nilimwambia ukweli, kwamba hajawahi kusemwa vizuri kama sasa. Akaniuliza ni wangapi waliolia bila kitunguu. Nikafungua daftari la Kamati.

"Mmoja," nikasema. "Kabaila Lattanzio, wakati wa nyundo. Ila yeye anadai ni vumbi."

Akachungulia kopo tupu. Akaliramba, nami kwa heshima nilijifanya naangalia mishumaa. Baadaye aliniomba nimwite. Kwa sauti ndogo, akasema, hapa hakuna mtu, niite tu kama zamani, nisikie. Nikafungua mdomo. Ofisi yangu ilianzishwa kwa amri ya tisa, na ya tisa ilikuwa imezikwa pamoja na nyingine. Sikuwa na mamlaka ya kutamka hata nusu ya cheo. Nilimwinamia na kuondoka, na nakiri kwamba mlangoni nilisimama kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia kama nilistahili kupita.

Siku ya tatu upepo uligeuka. Mtaa wa Watengeneza Ngozi uko upande wa magharibi wa kasri, na ndiyo maana kwa miaka mingi madirisha ya upande huo hayakufunguliwa. Safari hii harufu iliyopanda haikuwa ya ngozi. Duki alivaa joho lake, akashuka.

Nilikuwa tayari kwenye foleni, kwa sababu mtu hawezi kuishi kwa kumbukumbu. Mbele yangu alikuwa Ser Fulgenzio, chupa ya wino ikining'inia kiunoni kama kawaida. Mbele yake alikuwa Lattanzio. Duki alifika akaelekea moja kwa moja kwenye mlango wa tanuri, na mlango haukufunguka kwa ajili yake.

"Marehemu, foleni inaanzia kule kisimani," akasema mke wa mtengeneza ngozi mmoja, mwanamke mpana mwenye kikapu.

"Maiti gani hii inasikia njaa?" akauliza mwenzake.

"Mwache, shoga, ana siku tatu. Lazaro alikaa nne."

"Lazaro alipoitwa alitoka. Aliitwa mara moja tu, na hakuuliza kwa nini hawakutaja vyeo."

Duki alikwenda kisimani. Alisimama nyuma yangu, akinipumulia shingoni. Nilitaka kumpisha, lakini sikujua kwa kanuni ipi.

Kwa Mona Petronia utaratibu ni mmoja. Anapita kwenye foleni na kibao cha mbao, anaandika majina kwa mkaa, na mkate ukitoka anaita. Asiyeitika mara tatu, mkate wake unakwenda kwa anayefuata, kwa kuwa mkate haungoji. Alipomfikia Duki aliuliza jina. Duki alijinyoosha, akaanza na Mtukufu, akapita Montebrolo, akawa anayakaribia madaraja.

"Baba, kibao changu ni kidogo," akasema Mona Petronia. "Nitaandika ninalolijua."

Mikate ikaanza kutoka. Lattanzio aliitwa, akaitika "Nipo, mama" kabla jina halijaisha, akauchukua wake na kuondoka akiukumbatia chini ya joho, kinyumenyume, kwa mazoea. Ser Fulgenzio akaitwa. Mimi nikaitwa, ikiwa mara ya kwanza kusikia jina langu likipigiwa kelele mtaani, na naweza kuthibitisha kwamba haliumi. Kisha koleo likatoa mkate mmoja wa mviringo, uliopasuka juu kama udongo wa kiangazi, ukitoa mvuke.

"Tebaldo."

Mtaa mzima ukageuka. Ser Fulgenzio, aliyekuwa akitafuna tonge la kwanza, alilihamishia shavuni.

"Tebaldo."

Duki alikuwa akiutazama mkate. Nilijua anachokipima, na nilijua pia kwamba mtaa mzima unajua. Akiitika yu hai, ila kwa jina hilohilo alilolikubali, na hati ikishaandikwa haifutwi. Akikaa kimya angebaki Duki Tebaldo wa Tano milele, mwenye mahubiri ya saa tatu na kaburi la marumaru, na asingekula.

Mke wa mtengeneza ngozi, ingawa alikuwa na wake kikapuni, alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

"Te-bal-do," akasema Mona Petronia, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Nipo."

"Sikusikia."

"Nipo, mama."

Alimpa. Duki aliudaka kwa mikono miwili, akauachia, akaudaka tena. Kasrini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mkate hutoka ukiwa wa moto. Ser Fulgenzio alimeza tonge, akachovya kalamu, na kuandika mgongoni mwa Lattanzio, aliyekuwa amerudi kuulizia mwingine: kwamba mbele ya mashahidi thelathini na wawili, Tebaldo, mkazi wa Montebrolo, ameitwa na ameitika, basi yu hai. Penye nafasi ya cheo alipiga mstari, akaunyoosha kwa rula.

Baraza lilimletea waraka wa pongezi jioni hiyo kwa kufufuka kwake, na likamjulisha kwamba kiti kiko wazi kwa mkazi yeyote ambaye mafundi watamchagua. Yeye hakuusoma waraka huo mpaka mwisho. Alikuwa na malalamiko, nayo aliyapeleka tanurini yeye mwenyewe: mkate wake ulikuwa umeungua upande wa chini.

"Wa mwisho huungua," akasema Mona Petronia bila kugeuka. "Kesho uje mapema, Tebaldo."

Kesho yake alikuja mapema. Nilimkuta mlangoni pa tanuri, wa kwanza kabisa, bila joho, nikasimama nyuma yake. Mke wa mtengeneza ngozi akaja na kikapu chake, akapita mbele yetu sote wawili, na kwa kuwa hapakuwa tena na ofisi ya kuuliza, tukampisha.